Nungunungu wa Mikono Miwili

4 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai ulifika salama na kile kifua kilichokusumbua siku ya mazishi kimepoa. Huku sisi wazima. Yaani mimi mzima, nimezoea tu kusema sisi.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu, usinielewe vibaya. Unaongea kama kaka yako, hata kale kakikohozi ka kabla ya kuanza kusema ni kake. Siku ile uliponipigia kusema umefika nilikata, nikakutumia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Watu wananiuliza naendeleaje, nawajibu naendelea vizuri, na si uongo. Sisikii kitu. Asubuhi nafungua karakana, nafagia, naosha rola za wino ambazo hazijaguswa, nahesabu karatasi na kuzirudisha kabatini. Mikono haijapata habari. Nimeshaiacha ifanye inavyotaka.

Nina jambo. Unaijua ile maktaba ya watoto iliyotuagiza picha za wanyama kumi na wawili za kuweka ukutani. Kumi na mmoja tulishamaliza. Wa mwisho ni nungunungu. Ubao wa rangi ya kahawia kaka yako alishauchonga na mimi nimeshauchapa, karatasi sitini zimening'inia kwenye kamba zikisubiri weusi. Ubao wa weusi ndio aliouacha. Amemaliza uso, miguu ya mbele, na miba ya mabegani hadi katikati ya mgongo. Kutoka hapo kwenda mkiani ni mistari ya penseli tu. Aliweka kisu chini akasema anakwenda kunywa maji. Mengine unayajua.

Mimi ni mchapaji. Nikipewa ubao uliochongwa nitakutolea picha safi, lakini kisu sikiwezi. Wewe na yeye mlifundishwa na baba yenu, mzee wetu, kwenye benchi moja. Nakuomba unimalizie huyu mnyama. Sitaki zipelekwe maktaba picha kumi na moja na pengo.

Wifi yako


19 Machi

Wifi,

Barua nimeipata, nashukuru. Kifua kimepoa, lilikuwa vumbi la kazini tu. Wewe kula. Nilikuona siku zile mbili nilizokaa hapo, unapakulia watu na wewe unalamba kijiko.

Jibu langu ni hapana, na nisamehe kwa kulisema kavu hivi. Kazi yangu sasa ni kupiga msasa milango. Milango arobaini kwa zamu, yote mapacha. Mlango hauna macho wala manyoya, na ukikosea kidogo mtu wa rangi atakufichia. Ndivyo ninavyopenda.

Unajua kwa nini niliacha kuchonga. Ulikuwa bado bibi harusi mle ndani, lakini ulikuwepo. Ubao wa mwisho wa mzee wetu, yule sungura, wiki nane za kazi, manyoya unywele kwa unywele. Alipokuwa hawezi tena kukaa kwenye benchi alinipa nimsafishie pembezoni. Nikafanya asubuhi, nikaenda sokoni, niliporudi nikakuta sikio moja limekatika kwenye shina na kisu changu kiko juu ya ubao. Mzee akauliza kutoka kitandani, ni nani. Kaka akajibu, ni dada. Mimi sikukumbuka kuteleza, lakini kisu kilikuwa changu na asubuhi ile nilikuwa nimekaa hapo. Nikaomba samahani.

Mzee aligeukia ukuta. Wiki tano zilizombakia aliniomba maji, aliniomba nimwekee mto vizuri, lakini habari ya kazi hakuizungumza nami tena mpaka tunamzika. Ndiye huyo huyo aliyekwenda shuleni kugombana na mwalimu kwa sababu walikuwa wananichapa nikiandika kwa mkono wa kushoto. Miaka kumi na minne nimekaa na mgongo wake ule. Sasa unataka nishike kisu juu ya ubao wa mwisho wa kaka naye. Hapana, wifi. Tafuta mtu.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi yangu,

Uhali gani, na kazi ya milango inaendaje? Mimi nakula. Jana nilikula mkate mzima nimesimama, nikagundua umekwisha nilipokosa wa kukata.

Nimetafuta mtu kama ulivyosema. Nimemleta yule mchonga mihuri wa karibu na posta. Alikuja na miwani miwili, akavaa mmoja juu ya mwingine, akauinamia ubao muda mrefu kama daktari, kisha akasema miba ni mingi. Nikamwambia ni nungunungu. Akasema angekuwa kobe angejaribu. Nilimpa chai akaenda zake.

Hakuna mwingine, na siku zinakwenda. Kahawia ile niliyoitanguliza ikikaa miezi minne, mitano, inakauka hadi ndani na kuwa kama kioo. Weusi ukija juu yake utateleza, hautashika. Karatasi zote sitini zitakuwa za kufungia vitu, na za kuanza upya sina, maana ubao wa kahawia ulipasuka nilipokuwa nauosha. Kwa hiyo ni huu au basi.

Sikulazimishi. Nimempa dereva wa basi kifurushi, ukikikataa mwambie akirudishe. Ndani kuna ubao. Kuna kisu chako pia. Nimekikuta kwenye droo ya kaka yako, kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, hakina hata alama ya kutu. Na kuna kifurushi kidogo nilichokizungushia aproni. Ni ubao mmoja wa mzee, uone alivyokuwa anachonga manyoya, kama utataka mfano.

Wifi yako


20 Aprili

Wifi mpendwa,

Salamu nyingi. Sikukirudisha kifurushi, usijisifu. Dereva alikiacha kwa mlinzi wa kiwanda akaondoka, na mlinzi akanilalamikia kwamba nalimbikiza mawe ofisini kwake.

Ubao umekaa juu ya meza yangu ya kulia siku sita, nikawa nakula kwa kuweka sahani magotini. Siku ya saba nikaokota kipande cha mbao kiwandani, nikajaribu mistari. Mkono umekuwa mgumu kama wa kuazima. Mistari kumi ya kwanza ingemchekesha hata yule wa miwani miwili. Ya hamsini ilikuwa inafanana na kitu.

Kisu kimenolewa. Nilidhani ni mafuta tu, lakini kimenolewa, na kimenolewa upande wangu. Mzee ndiye aliyenipa huo upande mmoja, wa mtu wa kushoto. Visu vya watu wengine wote karakanani vimenolewa upande mwingine. Kwa nini kaka akae akinoa kisu kisichokuwa na mwenyewe?

Nimemwangalia vizuri huyu nungunungu. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono wa mtu unavyobaki kwenye mbao. Kila mstari wa kaka, ukiufuata unakokwenda, ukuta wa kulia wa mkato umelala na wa kushoto umesimama wima. Wangu ni kinyume, wa kushoto ndio unalala. Uzungushe ubao utakavyo, haibadiliki. Sasa nikiendelea pale alipoachia, miba haitafanana. Nijaribu kumwiga, au nifanyeje? Wewe ndiye utakayechapa, niambie kama itaonekana kwenye karatasi.

Kile kifurushi kidogo sijakifungua. Nitakifungua nikifika kwenye manyoya ya tumbo.

Wifi yako


27 Aprili

Salamu.

Nimefungua aproni. Sikujua ungenitumia sungura.

Nilikaa naye mapajani. Kwa miaka yote hii sikuwahi kumwona tena, mzee alipokufa kaka alimfungia juu ya dari. Nikapitisha kidole kwenye shina la sikio, pale lilipokatikia. Kisha nikachukua taa ya mkono nikamulika kwa ubavu.

Mkato umeanza na kina chini, ukaishia mwembamba juu. Ukiufuata, ukuta wa kulia ndio umelala.

Kisu changu hakiwezi kukata hivyo. Hakiwezi hata kikishikwa na mtu mwingine.

Nijibu jambo moja. Ulikuwa unajua?


5 Mei

Wifi,

Nakusalimu, na sitakuuliza hali.

Nilikuwa najua. Si tangu siku ile. Aliniambia mwaka uliofuata, tunakata karatasi, mimi nimeshika rula na yeye anavuta wembe. Alisema alikuwa anamwondolea mzee vumbi machoni pa sungura, akaona manyoya matatu chini ya sikio hayajakaa sawa, akataka kuyaweka sawa kabla mzee hajayaona. Kisu kikamtoka. Sikio liliruka likaingia kwenye takataka za mbao na hakulipata. Alikuwa bado amepiga magoti analitafuta mzee alipouliza, na jibu likamtoka kabla hajalipima. Alidhani utakataa. Ungekataa angesema ukweli, ndivyo alivyoniambia. Ukaomba samahani.

Nilimwambia akuandikie. Akasema kesho. Nikamwambia tena baada ya wiki, akasema mzee ameshakufa, itasaidia nini. Baada ya hapo sikumwambia tena. Hilo ndilo la kwangu, halimhusu yeye. Alikuwa mume wangu na tulikuwa na kazi nyingi, na wewe ulikuwa mbali na barua zako zilikuwa za uchangamfu. Nikajizoesha. Unaweza kujizoesha kitu chochote ukiwa na kazi za kutosha.

Hakuchonga sungura tena. Watu waliomba, watoto wanawapenda, hata maktaba walimtaka kwenye orodha yao. Akawaambia sungura wanamshinda, akawapa nungunungu mahali pake. Wateja walicheka. Mimi niliendelea kufunga vifurushi.

Kwenye rafu palikuwa na swala wa mzee, na ngiri, wana manyoya mazuri zaidi ya kufuatisha. Nilimchagua sungura. Kinywa kilinishinda, nikatuma mbao.

Uliniuliza kama miba itaonekana. Itaonekana.

Wifi yako


11 Juni

Wifi,

Natumai uko salama. Nilimpigia mlinzi wa kiwanda, akasema unaingia na kutoka kama kawaida, basi nikatosheka.

Hii si barua ya kukuharakisha. Watu wa maktaba walikuja na ngazi kupima ukuta. Yule mama msimamizi wao akauliza wa kumi na mbili yuko wapi, nikamwambia yuko kwa fundi. Niliposema fundi nilikuwa namaanisha wewe.

Karatasi nazigusa kila asubuhi kwa mgongo wa kidole. Za karibu na mlango zimeanza kung'aa. Nimezihamishia zote ukuta wa nyuma kwenye ubaridi, nikaweka beseni la maji chini yake. Sijui kama inasaidia. Nafanya tu.

Nataka kukuambia nina majuto, na nikiangalia ndani siyaoni yamekaa wapi. Nayajua kama ninavyojua jina la mtaa. Labda yatakuja. Sitaki kukuandikia kilio ambacho sina.

Wifi yako


2 Julai

Kwa mama wa karakana,

Salamu. Mimi mzima.

Barua yako ya Mei niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kazini. Nilipiga msasa milango arobaini na mmoja siku ile. Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu. Nilingoja nilie, sikulia. Nilingoja nivunje kitu, nikaona vyombo vyenyewe ni vyangu. Wiki nzima nikawa natoka kazini nakaa kitandani na viatu. Mtu akiniambia nina hasira nitamkubalia, maana nadhani inatakiwa iwepo, lakini nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Kilichonisumbua zaidi si kaka. Ni lile la kusema angesema ukweli kama ningekataa. Kumbe nilikuwa nahitajika kusema neno moja tu, si mimi. Na mimi nilikuwa na adabu.

Kisha siku moja ya mapumziko nikavuta meza dirishani, nikakaa na nungunungu. Si kwa ajili yako, wala maktaba. Mikono ilikuwa inataka.

Kifurushi kina vitu viwili.

Cha kwanza ni nungunungu, amekwisha. Sikuiga. Nilifuata penseli ya kaka mpaka kwenye mwiba wa tatu, nikaona nadanganya, nikaiacha penseli. Yake imelala, yangu imesimama. Kwa hiyo mnyama wenu mabegani ametulia kabisa na nyuma amekasirika. Watoto wataona anaona adui nyuma yake. Waache waone hivyo. Mistari ya penseli iliyobaki usiifute, itakwenda yenyewe na wino.

Cha pili ni sungura. Nimetoboa mraba pale shina la sikio lilipokuwa, nikapachika kipande cha mbao ngumu, kimetoka kwenye fremu ya mlango, nikagandisha kwa gundi, nikasawazisha kwa randa mpaka ukucha haukuhisi mahali pa kuungana. Kisha nikalichonga sikio. Manyoya ya sikio hilo yamelala upande tofauti na mengine yote. Mzee angejua ni ya nani bila kuuliza.

Mchape mara moja tu. Usinitumie.

Binti wa mzee


20 Julai

Kwa binti wa mzee,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Mimi nimeamka vizuri.

Jumatatu nilichapa. Nikuambie kama kazi ilivyokwenda, maana hayo mengine sina maneno yake. Nilichanganya weusi na mafuta zaidi ya kawaida ili ung'ang'anie kahawia. Karatasi ya kwanza ukateleza. Ya pili ukateleza. Nikapitisha kitambaa chenye chaki juu ya kahawia ya tatu, nikakung'uta, nikailaza, weusi ukashika. Kati ya sitini nimepata thelathini na nane. Zinatosha maktaba na zinabaki.

Unajua tunavyofanya, karatasi inalala juu ya ubao, na mchapaji anasugua kwa mgongo wa kijiko bila kuona kilicho chini. Nilianza kichwani kama siku zote. Macho, pua, miguu ya mbele. Kijiko kinapita kwenye miba yake bila kelele, ninaijua, nimeisugua miaka kumi na minne. Nilipofika katikati ya mgongo kijiko kikaanza kutetemeka mkononi. Miba yako inasimama, inagonga. Nikajua ni hapo. Hapo ndipo alipokwenda kunywa maji.

Nilikaa chini sakafuni na kijiko. Sikulia, nisije nikakudanganya. Lakini nilikaa mpaka weusi ukaanza kukauka kwenye rola, na mimi sijawahi kuacha rola ikakauka. Halafu nikanyanyuka, nikaiosha, nikaanza upya. Picha hiyo imeishia nusu. Nimeiweka.

Sungura nilimchapa mara moja, kama ulivyoagiza. Ana masikio mawili. Nimembandika kwenye chumba cha nyuma, kwenye ule ukuta ambao mzee aligeukia. Kitanda hakipo tena, lakini mtu akilala pale atamwona.

Nungunungu thelathini na nane wako mezani bila sahihi. Chini kulia ndipo kaka yako alikuwa anaandika kwa penseli. Nimeshika penseli mara mbili nikaiweka. Watu wa maktaba wanaweza kusubiri, nimewaambia fundi hajaja kutia sahihi.

Ile rafu kaka yako aliyoiweka mbele ya dirisha ulipokuwa unachongea nimeitoa. Mwanga unaingia kutoka kulia, hautakutilia kivuli mkononi. Kigoda chako nilikikuta kule juu ya dari, karibu na pale sungura alipokuwa. Nimekifuta vumbi.

Wifi yako, kama wewe utaamua